Bluu Ndiyo Inayounguza: Jinsi ya Kusoma Rangi za Chemchemi za Maji Moto

Mwezi uliopita nilinunua bonge la magadi soko la Gikomba, la shilingi ishirini, la kulainishia githeri, yaani mahindi na maharagwe. Lilikuwa la kijivu, lenye vumbi vumbi, ila upande mmoja ulikuwa na mshipa wa waridi, mwembamba kama uzi wa damu ndani ya yai. Nikamuuliza mama aliyeniuzia kama limeharibika. "Wee, hapana. Hayo ni madini tu," akaniambia, akalifunga kwa gazeti.

Jibu hilo nimelisikia Bogoria, watu wakiwa wamesimama mbele ya mfereji wa rangi ya machungwa. Nimelisikia Hell's Gate, mbele ya genge lenye manjano. Nimelisikia hata nyumbani hapa Nairobi, jamaa wanapoonyeshana picha ya lile dimbwi la Marekani lenye rangi zote za upinde wa mvua na kubishana kama limepakwa rangi kwa kompyuta. Ni madini tu. Mara nyingine jibu hilo ni kweli kabisa. Lakini sehemu kubwa ya rangi zinazotushangaza katika nchi ya maji moto hazitoki kwa madini. Nyingine ni za maji yenyewe, na nyingine ni za viumbe hai, mabilioni kwa mabilioni, waliojipanga kwa kufuata joto. Ukishajua kuzitenganisha, unaweza kusimama kando ya chemchemi bila kifaa chochote ukakadiria ni wapi maji yanachemka na ni wapi yamepoa.

Nianze na bluu, kwa sababu ndiyo inayodanganya na ndiyo inayounguza.

Tumezoea kusema maji hayana rangi. Ndani ya glasi ni kweli yanaonekana hivyo, lakini ni kwa sababu ni machache. Mwanga wa jua umebeba rangi zote, na maji hunyonya nyekundu kabla ya nyingine. Kadiri mwanga unavyozama ndivyo nyekundu inavyokwisha na bluu inavyobaki kurudi machoni mwetu. Umewahi kuliona hilo kwenye bwawa la kuogelea: upande wa watoto maji yamepauka, upande wa kina yana bluu iliyokolea, na maji ni yaleyale. Chemchemi yenye kina inafanya vivyo hivyo, tena kwa nguvu zaidi, kwa kuwa maji yake ni maangavu mno. Na ni maangavu kwa sababu ya joto. Hakuna mwani wala utelezi wa kijani unaoweza kuishi mle.

Kwa hiyo bluu ile nzuri, inayomwita mtu avue viatu, ina maana moja: hapa ni pa moto kuliko kote. Katika hifadhi ya Yellowstone, Marekani, zaidi ya watu 20 wamekufa kwa kuungua ndani ya chemchemi za namna hiyo. Watoto wakienda safari ya shule, hili ndilo jambo la kwanza ningetaka waambiwe, kabla hata ya kufika getini.

Yellowstone ndiko liliko dimbwi la ile picha ya mabishano. Linaitwa Grand Prismatic, lina upana wa mita 110 hivi, na rangi zake ni za kweli. Katikati ni bluu, na maji ya hapo yana joto la nyuzi 87 hivi za Selsiasi. Kutoka hapo maji husambaa kuelekea kingoni yakipoa kidogo kidogo, na kila yanapopoa rangi inabadilika: kijani, manjano, machungwa, mwishoni kahawia nyekundu. Ni pete ndani ya pete.

Mpaka wa kukumbuka ni nyuzi 73. Juu ya hapo hakuna kiumbe kinachoweza kujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Mitambo ya usanisinuru huvunjika. Bakteria wapo hata kwenye maji ya moto zaidi, lakini hao hula kemikali zinazotoka ardhini, na wengi wao huwezi kuwaona kwa macho. Maji yakishuka chini ya nyuzi 73, wanaingia sianobakteria, viumbe vya seli moja vyenye klorofili, ile ile iliyomo kwenye sukuma wiki. Ndio wanaoanza kupaka mwamba utando. Mwanzoni ni mwembamba, manjano ya kijani. Yakipoa zaidi wanakuja wengine, utando unanenepa, unatabaka, unageuka machungwa. Maji yakiwa ya kuogea tu, wanakuja wa kahawia.

Ila swali ambalo mtu makini atauliza ni hili: kama wote hawa wanaishi kwa klorofili, na klorofili ni kijani, machungwa yanatoka wapi?

Jibu liko kwa mama mboga. Nyanya mbichi ni ya kijani. Inapoiva, klorofili yake huvunjwa, na rangi nyekundu hujitokeza. Hoho nayo hutoka kijani kwenda manjano au nyekundu kwa njia hiyo hiyo. Rangi hizo za joto, za nyanya, za karoti, za embe, ni za ukoo mmoja wa kemikali uitwao karotenoidi. Sianobakteria na jamaa zao wa maji moto wanazo pia, na wanazitumia kama sisi tunavyotumia mwavuli. Jua likiwa kali, mwanga huzidi kiasi ambacho klorofili inaweza kutumia, na ziada hiyo huharibu seli. Karotenoidi huipokea ziada na kuitoa kama joto lisilo na madhara. Ndiyo maana kule Yellowstone utando uleule huwa wa machungwa makali wakati wa kiangazi, na wakati wa baridi, jua linapofifia, ukageuka kijani cha giza. Viumbe wanakunja miavuli yao.

Basi rangi ya utando inakueleza mambo mawili kwa pamoja: maji hapa yana joto gani, na jua linachapa kiasi gani.

Niliiona hesabu hii kwa macho yangu Loburu, ufuo wa magharibi wa Ziwa Bogoria, miaka mingi iliyopita, kabla ziwa halijapanda. Wageni walikuwa wamejazana kwenye mdomo wa chemchemi, wakichemsha mayai ndani ya mifuko ya wavu iliyofungwa kwenye vijiti. Mimi nilifuata mfereji. Hatua mbili tatu za kwanza mwamba ulikuwa mtupu, maji yakipita juu yake kama kioo. Kisha, kwenye kingo peke yake, si katikati, ukaanza mstari mwembamba wa manjano ya kijani. Kingo hupoa haraka kuliko katikati, kwa hiyo maisha huanzia kingoni. Mbele kidogo mistari ile miwili ilisogeleana, ikakutana, na mfereji wote ukawa na zulia la kijani lenye mabaka ya machungwa. Nilichuchumaa. Zulia lilikuwa na malengelenge madogo, kama unga wa chapati unapoanza kuumuka juu ya kikaango. Yale malengelenge ni hewa ya oksijeni, inayotolewa na bakteria wale wakifanya kazi mchana ule ule, ikanaswa ndani ya utelezi. Hadi leo nikifumba macho nayaona. Madini hayapumui.

Na si mbali na mfereji huo walikuwa wamesimama heroe, wale tunaozoea kuwaita flamingo, ziwani, wakichuja maji kwa midomo yao iliyopinda. Chakula chao kikuu ni sianobakteria wa kujipindapinda wajulikanao kama spirulina, wanaoyapa maji ya Bogoria rangi yake ya kijani kizito. Kinda wa heroe huwa wa kijivu. Waridi yake huipata kwa kula, mwaka baada ya mwaka, karotenoidi zilizomo ndani ya chakula hicho. Yaani rangi ya ndege yule ni ya ukoo mmoja na machungwa ya mfereji wa Loburu, na mmoja na nyanya zilizopangwa mafungu kibandani kwako. Sijui kama kuna jambo jingine la sayansi linalonifurahisha kuliko hili.

Wapo watakaouliza kama uchunguzi wa bakteria hawa una faida yoyote kwa mtu wa kawaida. Mwaka wa 1966, Thomas Brock, mwanabiolojia wa Marekani, na mwanafunzi wake Hudson Freeze walichukua sampuli kutoka chemchemi moja ya Yellowstone na kumkuta bakteria waliyempa jina Thermus aquaticus. Vimeng'enya vyake, yaani protini zinazoendesha kazi za kemikali ndani ya seli, haviharibiki karibu na joto la kuchemka. Mwaka wa 1983 Kary Mullis alibuni njia ya kunakili DNA mara mamilioni, iitwayo PCR, ambayo huhitaji sampuli ipashwe moto hadi nyuzi 95 hivi tena na tena. Kimeng'enya cha kawaida kilikufa kila mzunguko, ikabidi kiongezwe upya. Cha yule bakteria wa maji moto kilivumilia. Mullis alipata Tuzo ya Nobel mwaka wa 1993. Kila aliyeingizwa kijiti puani wakati wa korona akasubiri majibu ya PCR, na kila familia ya Nairobi iliyopeleka sampuli maabara kujua baba wa mtoto ni nani, inadaiwa shukrani na utelezi wa rangi kando ya maji yanayofuka.

Sasa Magadi, ambako waridi yake ni ya namna nyingine.

Ukitoka Nairobi kupitia Kiserian, barabara inateremka zaidi ya mita elfu moja hadi kwenye sakafu ya Bonde la Ufa, na masikio yanaziba njiani. Ziwa Magadi halina mto wa kudumu unaoliingia. Linalishwa na chemchemi za maji moto zilizolizunguka, nyingine zikifikia nyuzi 86, zikiwa zimebeba soda iliyoyeyushwa kutoka kwenye miamba ya volkeno. Jua hukausha maji, soda hubaki, na tabaka limerundikana hata likawa gumu la kutembelewa. Neno letu magadi na jina la ziwa ni kitu kimoja, na uchimbaji wa soda hiyo kwa biashara ulianza mwaka wa 1911.

Katika madimbwi yanayobaki juu ya tabaka hilo, chumvi ni nyingi na maji ni makali kwa ngozi kama sabuni ya kipande isiyosuuzwa. Huko wanaishi arkea, viumbe vya seli moja ambavyo kwa ukoo si bakteria, ingawa kwa umbo wanafanana. Wanapenda chumvi na soda kiasi kwamba hawawezi kuishi pasipo hivyo, na spishi mojawapo, Natrialba magadii, imebeba jina la ziwa letu hadi kwenye vitabu vya sayansi duniani kote. Seli zao zimejaa rangi nyekundu ya kujikinga na jua. Hiyo nayo ni karotenoidi. Wakiwa wengi, ziwa linaonekana kutoka angani kama limemwagiwa juisi ya matunda. Kandokando, kwenye maji ya chemchemi yaliyopoa kiasi, wanaogelea samaki wadogo wa jamii ya tilapia, Alcolapia grahami, wanaokula sianobakteria kwenye maji ambayo mimi na wewe tungeyaita ya kuogea, tena ya moto.

Nimesema mengi dhidi ya madini, na sitaki kuyadhulumu. Yapo mahali ambapo rangi ni ya madini tupu, na mfano mkubwa ni kwa jirani zetu Ethiopia. Dallol, katika bonde la Danakil, kulitokea mlipuko wa mvuke mwaka wa 1926. Maji yanayotoka pale yana chumvi iliyopitiliza na tindikali kali mno. Manjano, kijani cha ndimu, machungwa, kahawia, vyote vipo, na mpangilio wake unaweza kukufanya udhani ni Grand Prismatic nyingine. Lakini hapa mchoraji ni chuma. Maji yakitoka tu ardhini, chuma kilichomo huwa katika hali inayoonekana kijani. Kikikaa hewani kinashika oksijeni na kupata kutu polepole, kama bati la banda linavyofanya, na rangi inahama kuelekea manjano kisha kahawia. Salfa huongeza manjano yake, chumvi huongeza weupe. Watafiti waliotafuta uhai katika madimbwi makali zaidi ya Dallol walitangaza mwaka wa 2019 kwamba hawakuukuta, ingawa kundi jingine mwaka huo huo liliripoti dalili zake, na mjadala ukawaka.

Kwetu, nenda Hell's Gate na Olkaria, karibu na Naivasha. Mvuke unaopenya kwenye miamba ya pale umeipika kwa maelfu ya miaka hadi ikawa udongo laini, mweupe, wa manjano, na mwekundu kwa kutu ya chuma. Kwa Kimaasai, olkaria ndiyo ngeu, ule udongo mwekundu wa kujipaka, kwa hiyo jina la mahali lilishatueleza kabla ya wanajiolojia. Leo mvuke huohuo unaendesha mitambo ya umeme tangu mwaka wa 1981, na umeme wa jotoardhi ni sehemu kubwa ya umeme wote wa Kenya. Taa unayosomea makala hii huenda imewashwa na joto lilelile linalopaka rangi magenge ya huko. Na lile bwawa la kuogelea la Olkaria, lenye bluu ya maziwa? Hiyo si bluu ya kina. Ni chembe za silika, ndogo sana, zilizotapakaa majini na kutawanya mwanga wa bluu, kama moshi wa jiko unavyoonekana wa bluu jua likiupiga kwa pembeni. Maji yale hayaonyeshi chini. Bluu ya kina huonyesha kila jiwe.

Kuhusu kutofautisha rangi ya uhai na ya madini, mimi hutazama kwanza maji yanakopita. Rangi ya uhai hufuata maji kama mbwa amfuatavyo mwenyewe: hubadilika kwa hatua yanavyopoa, huwa na utelezi na malengelenge, na mkondo ukihama hukauka na kupauka. Rangi ya madini hubaki mwambani hata pakiwa pakavu kabisa. Usiguse ili kuhakikisha. Utando wa vidole vichache unene umejengwa kwa muda mrefu, na unyayo mmoja unatosha kuutoboa.

Nimezungumzia maji yaliyotulia. Yale yanayoruka, ambayo ulimwengu huyaita kwa jina la Geysir, chemchemi ya Iceland, yana siri ambayo kila mpishi wa Nairobi ameishi nayo. Hapa tuko juu sana, hewa inatukandamiza kidogo kuliko watu wa Mombasa, na maji yetu huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Ndiyo maana maharagwe hutuchelewesha, ndiyo maana ya magadi, na ndiyo maana ya sufuria ya presha, ambayo hukandamiza maji hadi yanapika kwenye nyuzi 120 bila kuchemka ovyo. Ardhini hali ni hiyohiyo. Mita 10 chini ya maji, uzito wa maji yaliyo juu huzuia uchemkaji mpaka karibu nyuzi 120. Maji yanakaa kule, yamezidi moto, yamezuiwa. Kisha mapovu machache yanapanda na kumwaga maji kidogo juu ya mdomo. Uzito unapungua. Ghafla maji yote ya chini hayana tena wa kuyazuia, yanageuka mvuke kwa mkupuo, na mvuke unahitaji nafasi kubwa mno kuliko maji. Ni kama kufungua sufuria ya presha kabla haijatoa hewa, jambo ambalo aliyelifanya mara moja hatalirudia. Bogoria, gesi ya kabonidayoksaidi iliyomo majini nayo husaidia kusukuma.

Mfumo wa namna hii ni mwepesi kuharibika. Yellowstone kuna dimbwi liitwalo Morning Glory, ambalo zamani lilikuwa bluu tupu. Wageni walitupa sarafu na takataka miaka nenda rudi, njia ya maji moto ikaziba kiasi, joto likashuka, na viumbe wa manjano na machungwa wakasogea kutoka kingoni kuelekea katikati. Leo kitovu chake ni cha kijani, kwa kuwa bluu ya maji inaonekana juu ya manjano ya utando. Joto lilipungua, rangi zikasema. Loburu nako nimeona maganda ya mayai na chupa za plastiki ndani ya midomo ya chemchemi, mahali ambapo kwa Waendorois, wenye nchi ile, ni pa ibada.

Halafu ziwa lenyewe likapanda. Tangu miaka ya 2010 maziwa mengi ya Bonde la Ufa yameongezeka maji, na Bogoria limezifunika nyingi kati ya chemchemi zake za ufuoni. Mfereji niliouchuchumalia ni mojawapo. Maji ya ziwa yaliyo juu ya mdomo wa chemchemi ni uzito mpya, na palipokuwa panaruka sasa panafuka na kutokota juu ya uso wa ziwa tu.

Lile bonge la Gikomba nililivunja Jumapili. Kipande chenye mshipa wa waridi nilikiweka peke yake kwenye glasi ya maji ya bomba nikakaa nacho mezani. Arkea wa Magadi wanaweza kubaki wamefungiwa ndani ya chembe za chumvi kwa muda mrefu, lakini maji yasiyo na chumvi hawayawezi. Seli zao hufura na kupasuka. Magadi yalianza kuyeyuka, mshipa ukalegea, ukatawanyika kama moshi mwepesi wa waridi, na kabla githeri haijachemka glasi ilikuwa na maji ya kijivu tu.